Tulimchangia pesa za upasuaji, akasema ngoja kwanza

Leo tunaandika juu ya mguu wa mtu mmoja, mguu wa kushoto. Wengi wenu mnaujua tayari, kwa sababu mwezi wa pili tulipitisha mchango wake kwenye makundi yote na mlitoa. Sasa mnatuuliza, na mna haki ya kuuliza: pesa ziko wapi, na mbona mgonjwa bado anachechemea?

Pesa ziko. Mgonjwa amesema ngoja kwanza. Na sisi tuliomkasirikia kwa jibu hilo tumegeuka, tuko upande wake. Acheni tueleze, maana jambo hili si la mguu mmoja tu.

Jina lake hatulitaji. Sisi tunamwita Yaya kwa sababu ndiye mkubwa wetu, na yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kuandika. Alitoka Kivu Kusini kama wengi wetu, akazunguka, akafika Mbale kwa sababu alisikia kuna kazi ya magunia. Anayeijua Malukhu anaujua ule upande wa viwanda, mashine za kusaga, lori zimepanga mstari asubuhi. Gunia la mahindi ni kilo 100. Mtu analibeba kichwani na mgongoni, anapanda ubao, analitupa, anarudi. Mwezi wa nane mwaka jana Yaya aliinama kuchukua gunia, akasikia kitu kimelia kiunoni. Alimaliza zamu yake, kwa sababu asiyemaliza zamu halipwi. Kesho yake kiuno kilikuwa kimetulia kidogo, lakini maumivu yalikuwa yameshuka kwenye tako, nyuma ya paja, upande wa ndama, mpaka kidole gumba cha mguu.

Hapa tusimame kidogo kwenye lugha, kwa sababu Yaya alipoteza miezi miwili hivi kwa ajili ya neno moja.

Alipofika kwenye kituo cha afya mara ya kwanza alisema, kwa Kiswahili chetu cha Kivu, kwamba mushipa unawaka. Aliyemsikiliza anajua Lugisu, Luganda na Kiingereza. Kiswahili anakishika kidogo cha sokoni. Akasikia mshipa, akafikiri mshipa wa damu. Akampima presha. Presha ilikuwa nzuri. Akarudi nyumbani na panado. Na kosa si la yule mama peke yake, jamani. Lugha yetu yenyewe inaita mshipa kila kitu kirefu kilicho ndani ya mwili: njia ya damu ni mshipa, kamba ya nyama ni mshipa, waya wa fahamu ni mshipa, na wengine hata ngiri wanaiita mshipa. Ukisema mshipa unauma umesema karibu nusu ya mwili.

Lakini lugha yetu hiyohiyo ina maneno mengine ambayo daktari anayahitaji sana. Kuwaka moto. Kufa ganzi. Kuchomachoma kama sindano. Kupigwa shoti kama umegusa umeme. Kutambaliwa kama na siafu. Shuka likigusa ngozi linauma. Maumivu ya mshipa wa fahamu yanajieleza kwa maneno hayo, na mtaalamu akiyasikia anaanza kufikiria tofauti na mtu aliyesema tu "naumwa". Kidonda kinauma kwa sababu nyama imeumia. Mshipa wa fahamu ukibanwa au ukiumia, unapeleka habari ya maumivu kichwani hata pale ambapo mguu wenyewe hauna kidonda. Mguu wa Yaya ukiutazama ni mzima. Ndiyo maana mwenye nyumba alimwambia anajifanya ili asilipe kodi.

Na maumivu ya namna hii yako mengi kati yetu kuliko tunavyosema. Kuna waliopigwa risasi, jeraha likapona, lakini mkono unawaka. Kuna aliyekatwa mguu na bado anaumwa vidole ambavyo havipo, anaogopa kusema wasije wakamwona amechanganyikiwa. Kuna wenye sukari ambao nyayo zinawaka usiku. Kuna waliougua mkanda wa jeshi, malengelenge yakakauka, maumivu yakabaki. Kwa Yaya ni kiuno: kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini, kisahani kimoja kimetokeza nje na kinabana mzizi wa ule mshipa mkubwa unaoshuka mguuni.

Turudi kwenye habari yake. Baada ya panado kushindwa alifanya ambacho wote tungefanya, akaenda duka la dawa. Sindano. Ya daiklofenaki, kwenye tako, mara mbili kwa wiki alipopata hela, karibu miezi miwili. Kila sindano ilimpa saa chache za matumaini. Daiklofenaki inasaidia uvimbe na maumivu ya kuumia, lakini kwa mshipa uliobanwa msaada wake ni mdogo, na ikitumiwa mfululizo inaharibu tumbo na figo. Tena sindano ya tako ina hatari yake, kwa sababu ule mshipa mkubwa unapita hapohapo. Kumi haiko mbali na sisi. Huko wapo watoto wengi walioachwa na mguu uliolemaa au misuli ya tako iliyokakamaa baada ya sindano, nyingi zikiwa za kwinini, na hospitali ya Kumi inajulikana kwa kuwafanyia upasuaji watoto hao. Kwa hiyo ukimwona mtu wa duka anachukua sindano kabla hajakuuliza swali hata moja, ondoka.

Mwezi wa kumi na moja, hatimaye, alionwa na mtu aliyemuuliza vizuri. Alimlaza chali, akainua mguu ukiwa umenyooka, Yaya akapiga kelele. Akampima nguvu ya vidole. Akamwandikia amitriptilini, kidonge kidogo cha usiku, na mazoezi.

Sasa hapa ni sisi tulioharibu. Mmoja wetu alichukua simu, akatafuta jina la dawa, akasoma kwa sauti: dawa ya ugonjwa wa huzuni. Mnajua vijana. Kufika jioni Yaya alikuwa na jina jipya. Na dawa yenyewe alielekezwa kuichukua kwenye kitengo cha afya ya akili, kwa sababu ndiko ilikokuwa, akapanga foleni na watu ambao sisi, kwa ujinga wetu, tunawaita vichaa. Siku ya tano aliacha. Mdomo ulikuwa unakauka, asubuhi kichwa kizito, maumivu yalikuwa palepale, na juu ya hayo kicheko chetu. Nani angeendelea?

Tunaomba radhi hadharani, na tunasema tulichojifunza. Amitriptilini ilianza kweli kama dawa ya huzuni nzito. Baadaye ikaonekana kwamba, kwa kipimo kidogo kuliko hicho, inapunguza kelele ya mishipa ya fahamu. Mwili una njia yake wa kutuliza habari za maumivu kabla hazijafika kichwani, na dawa hii inaisukuma njia hiyo. Kabamazepini nayo ni dawa ya kifafa, na ndiyo inayotangulia kwa wale wenye maumivu ya uso yanayokuja kama radi. Gabapentini pia ilianzia kwenye kifafa. Kwa hiyo kama jirani yako anakunywa dawa ya kifafa au ya huzuni, wewe hujui anaumwa nini. Nyamaza.

Jambo la pili: dawa hizi hazifanyi kazi kama panado. Unaanza na kidogo, unapandisha polepole kwa maagizo, unasubiri wiki kadhaa ndipo useme imeshindwa. Siku tano si kitu. Mdomo kukauka na usingizi mara nyingi hupungua mwili ukizoea. Ukiimeza mapema jioni badala ya saa ya kulala, asubuhi unaamka mwepesi zaidi. Pombe usichanganye. Mwenye shida ya moyo au ya kukojoa amwambie daktari kabla. Anayetumia dawa za HIV au vidonge vya kupanga uzazi aseme, kwa sababu kabamazepini inazipunguza nguvu. Ukitaka kuacha, shuka taratibu. Na vidonge vya amitriptilini vikimezwa vingi vinasimamisha moyo, kwa hiyo visikae mahali mtoto anafika, na kama wewe mwenyewe kuna usiku unawaza mabaya, mpe mtu unayemwamini akutunzie. Hilo halina aibu. Tunaye mwenzetu anayetunziwa.

Na jambo la tatu, ambalo watu wa dawa hawapendi kulisema: hazimsaidii kila mtu. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotoka mwaka 2015 ulionyesha kwamba ukiwapa watu wanne hivi dawa za kundi la amitriptilini, mmoja ndiye atakayepata nafuu kubwa kwa sababu ya dawa yenyewe. Kwa gabapentini ni mmoja katika sita hivi. Wengine wanapata kidogo, wengine hawapati. Usidanganywe na bei pia. Kule Australia walijaribu pregabalini, ile inayouzwa ghali, kwa watu 209 wenye maumivu ya mguu yanayotoka kiunoni kama Yaya. Matokeo yalitoka mwaka 2017: haikuwashinda waliopewa kidonge cha bandia, ila kizunguzungu kiliongezeka. Kuna wenzetu wanauza simu kununua dawa hiyo.

Basi dawa ina faida gani? Kwa Yaya, alipoanza tena mwezi wa pili, safari hii na maelezo kwa lugha yake, alipata usingizi. Hakupona. Lakini mtu aliyekuwa analala saa moja na nusu akianza kulala saa tano usiku mmoja, ni mtu mwingine. Anaongea. Anafanya mazoezi. Anaweza kufikiri juu ya upasuaji bila kuamuliwa na maumivu ya saa tisa za usiku.

Mchango sasa. Mwezi wa kwanza, kabla hajarudia dawa, tulimpeleka Kampala. Basi la alfajiri, Tirinyi, Iganga, Jinja, kila tuta la barabarani akiuma meno. Kliniki moja ya kulipia ilipiga picha ya eksrei, ikaitazama, ikasema upasuaji, ikataja mamilioni, na ikasema asipofanya haraka atalemaa. Tuliogopa. Tulirudi tukaandika lile tangazo mliloliona: kijana wetu atalemaa, tafadhali changieni. Vijana wa Walukuba kule Jinja walitoa, mama mmoja wa Nakivale alituma shilingi elfu mbili, na tulipohesabu tulikuwa na 1,340,000. Haikutosha, lakini ilikuwa mwanzo.

Yaya akasema hataki. Kwanza tulidhani anaogopa kisu. Kikao kilikuwa kibaya. Mmoja alimwambia wazi kwamba ametuaibisha, kwamba watu watasema tumekula pesa. Yeye akajibu: "Mimi sijakataa. Nasema ngoja kwanza. Nyinyi mnataka nipone haraka ili mtangazo uishe." Tulinyamaza, kwa sababu ilikuwa kweli kidogo.

Tukaanza kuuliza, na tuliyoyapata yalitushangaza. Eksrei inaonyesha mifupa. Kisahani na mshipa wa fahamu haivionyeshi. Picha inayovionyesha ni ya MRI. Na hata MRI ina mtego wake: watafiti waliokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote walikuta kwamba, kwa watu wa miaka 20, asilimia 30 wana kisahani kilichotokeza. Yaani ukitupiga picha sisi kumi tunaoandika hapa, watatu wangeambiwa wana ugonjwa. Picha inasaidia pale tu inapolingana na mguu unaouma na vidole vilivyo dhaifu. Kuamua upasuaji kwa eksrei peke yake, sasa tunajua, ilikuwa haraka mno.

Na upasuaji wenyewe? Hapa hatutaki kuwadanganya kwa kuchukua upande mmoja. Uholanzi walichukua wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12. Nusu wakapangiwa upasuaji wa mapema, nusu wakatibiwa kwa dawa na mazoezi, na upasuaji baadaye kama ukihitajika. Matokeo ya mwaka 2007: waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona. Katika kundi la kusubiri, asilimia 39 waliishia kupasuliwa; waliobaki hawakuhitaji. Kisahani kilichotokeza mara nyingi husinyaa chenyewe, mwili unakila polepole.

Tungeishia hapo, hoja yetu ingekuwa tamu. Lakini kuna utafiti wa Kanada wa mwaka 2020, na huo unamhusu Yaya zaidi, kwa sababu ulichukua watu 128 ambao maumivu yamewakaa kati ya miezi 4 na 12. Yaya ana miezi minane. Baada ya miezi sita, kwa kipimo cha sifuri mpaka kumi, waliopasuliwa walikuwa na maumivu ya 2.8, na waliotibiwa bila upasuaji 5.2. Tofauti hiyo ni kubwa. Mtu anayewaambia kwamba upasuaji ni wizi wa madaktari, au kwamba maombi na majani yanatosha, mwambieni hilo.

Kwa hiyo Yaya hana jibu rahisi, na sisi hatuna la kumpa. Alichotuonyesha ni kwamba wale wa Uholanzi na Kanada walirudi kwenye nyumba zenye kitanda. Yeye analala kwenye mkeka. Baada ya upasuaji atakaa wiki nyingi bila kubeba kitu kizito: nani atateka maji? Nani atalipa chumba? Kidonda kikitoa usaha usiku, ni nani mwenye nauli ya kumrudisha Kampala? Na wiki hizo zikiisha, kazi iliyopo ni gunia lilelile la kilo 100, na kisahani kinaweza kutoka tena. Alisema anataka kwanza apate kazi ya kukaa, hata ya kuhesabu magunia, ndipo akubali kupasuliwa. Sisi tulikuwa tumechanga pesa ya daktari tu. Hatukuwa tumechanga hata shilingi ya siku ya pili yake.

Lakini kuna hali ambazo hakuna kungoja, na hapa tunaandika kwa herufi za moyo. Mkojo ukigoma kutoka, au ukitoka bila wewe kujua. Choo vilevile. Ganzi sehemu zile unazokalia tandiko la baiskeli, sehemu za siri na katikati ya mapaja. Miguu yote miwili kuishiwa nguvu, au wayo mmoja kuanza kuburuza na kuzidi siku kwa siku. Hiyo ni dharura, nenda hospitali usiku huohuo, kopa, piga simu, tuamshe. Mshipa ukibanwa hivyo, saa zina maana. Na ukiwa na maumivu ya mgongo pamoja na homa za usiku, jasho na kukonda, uulizie kifua kikuu cha uti wa mgongo. Hicho kinatibiwa kwa dawa kwa miezi, na ukikichelewesha kinavunja pingili.

Wafanyakazi wa misaada, mnatusoma, tunajua, maana mnaweka vidole gumba usiku. Na nyinyi tuna neno.

Pesa ya upasuaji ni rahisi kuiombea. Ina picha: kijana kitandani, bandeji, kijana anatembea. Pesa ya kungoja vizuri haina picha. Ni nauli ya boda mara moja kwa mwezi. Ni vidonge ambavyo vikikosekana hospitali ya serikali mtu avinunue, na amitriptilini ni ya bei ndogo sana. Ni mtu wa mazoezi ya viungo atakayemwona mara sita badala ya mara moja. Ni mkalimani. Kwenye fomu zenu tumekuta mahali pa upasuaji na mahali pa dharura. Mahali pa mtu anayehitaji kidonge kilekile kwa mwaka mzima hatujapakuta.

Mtatuambia turudi kwenye makazi ndiko huduma iliko. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutembea na kuishi nchini, na tulitoka huko kutafuta kazi, msitushangae. Vituo vya serikali vinatutibu kama raia. Ada ziliondolewa kwenye vituo hivyo mwaka 2001, isipokuwa sehemu za kulipia, na tunashukuru kweli. Tatizo letu ni kilichobaki baada ya kuandikiwa dawa.

Tena hatuombi muujiza. Uganda hii hii, Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993 imekuwa ikitengeneza morfini ya maji, ya kunywa, ya gharama ndogo, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika bila kungoja daktari. Maumivu yanaweza kufuatwa mpaka mlangoni pa mtu kama watu wameamua. Na hapa Mbale kwenyewe, hospitali ya watoto ya CURE ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na humo daktari Benjamin Warf alibuni njia ya kumtibu mtoto mwenye maji kichwani, mara nyingi bila kumwekea mrija, kwa sababu aliona kwamba mrija ukiziba kijijini mama hawezi kufika kwa wakati. Upasuaji ulipangwa kwa kufikiria barabara ya kurudi nyumbani. Hospitali hiyo ni ya watoto na Yaya ana miaka ishirini na tisa, kwake njia inaelekea Kampala. Lakini fikra ile ndiyo tunayoomba kwenu.

Basi, ile 1,340,000. Tumekaa na Yaya, na safari hii yeye ndiye aliyeongoza kikao. Sehemu itamlipia MRI. Sehemu ni vidonge na nauli za miezi sita. Godoro limeshanunuliwa, risiti iko kwenye kundi. Kinachobaki kinakaa kwa mweka hazina mpaka mwezi wa kumi, ambapo Yaya atatuambia kama anaenda kupasuliwa au haendi. Akiamua kwenda, tutachanga tena, na tutahesabu na siku za baadaye. Aliyechangia na haridhiki na mpango huu atuandikie, tutamrudishia chake bila maneno. Mpaka leo aliyedai ni mmoja, amerudishiwa. Mama wa Nakivale alipoulizwa alisema elfu mbili zake ziende kwenye godoro.

Kuhusu kazi ya kuhesabu magunia, bosi mmoja amesema atafikiria. Tunamfuata kila Ijumaa.

Na Jumanne ijayo Yaya anarudi kwa yule aliyemwandikia dawa, kuangalia kama kipimo kipandishwe. Tunatafuta mtu anayejua Kiswahili chetu na Lugisu vizuri, mwenye nafasi kuanzia saa mbili asubuhi, amsindikize. Chai na nauli vipo.